Kuna kazi katika stori za shosho. Mbona tunawaachia wengine?

Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, simu zetu hujaa Mekatilili wa Menza. Mmoja anaposti mchoro wake, mwingine anaongeza picha ya Wangari Maathai, wa tatu anamalizia na emoji ya ngumi. Kufikia Oktoba 21 tumerudi kwa mambo ya mpira na bei ya unga.

Posti hizo si mbaya. Shida huja na swali la pili. Muulize aliyeposti, Waingereza walipomkamata Mekatilili mwaka 1913 walimpeleka wapi? Wengi watakwama. Alipelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, na akatoroka akarudi kwao Giriama. Sasa jiulize, sisi tulijuaje hayo? Kuna mtu aliyekaa chini na wazee wa Kigiriama akawasikiliza. Kuna mtu aliyefungua mafaili ya wakoloni na kusoma barua za maafisa waliokuwa wakilalamika kuhusu mwanamke huyo. Mtu huyo hakuwa akiua muda. Alikuwa kazini, na alilipwa.

Kazi hiyo inaitwa historia ya wanawake, na hoja yangu ni kwamba vijana wa Kenya tumekubali kuwa vibarua ndani yake wakati tungekuwa wenye kazi. Tunaonyesha wageni njia, tunatafsiri, tunabeba kamera. Kitabu kikitoka, tunasoma kukihusu kwenye intaneti. Inafaa hilo libadilike, na halitabadilika kwa mtu mmoja mmoja kujaribu bahati yake.

Waliobisha hodi

Tuanze Mombasa. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Margaret Strobel, alikaa na akina mama wa mji huo akiwauliza kuhusu ndoa, ngoma, utumwa na dini. Mwaka 1979 akatoa kitabu kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975. Baadaye yeye na Sarah Mirza wakachapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Toleo la Kiingereza lilitoka 1989, na lile la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, likafuata 1991. Fikiria safari ya maneno hayo. Yalisemwa kwa Kiswahili, Mombasa, na mabibi wa Mombasa, kisha yakachapishwa na chuo kikuu cha Indiana, Marekani. Jaribu kuitafuta nakala katika maduka ya vitabu ya mtaani kwenu, halafu uniambie umeipata wapi.

Njoo Nairobi. Wanawake waliojenga nyumba zao wenyewe Pumwani na Pangani ya zamani kwa pesa za biashara ya ngono walihojiwa na Luise White, Mmarekani mwingine, na kitabu chake kikatoka 1990. Ukisoma kitabu hicho huwezi tena kusema kwamba jiji hili lilijengwa na wanaume peke yao. Akina mama wa sokoni nao waliandikiwa historia ya miaka 100, kuanzia 1890 hadi 1990, na Claire Robertson katika kitabu chake cha 1997. Humo hata maharagwe yana historia, kwa sababu ndiyo yaliyowaingiza wanawake wengi mjini kufanya biashara.

Sisemi watafiti hawa waliiba. Walikuja, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika. Bila wao sauti nyingi zingekuwa kaburini na wenye sauti hizo. Ninachouliza ni kwa nini hatukubisha hodi sisi, tuliokuwa jirani.

Na mara nyingi kuna jirani aliyekuwepo. Nyuma ya vitabu vingi vya aina hii kuna kijana Mkenya aliyejua njia ya kijijini, aliyejua lugha, aliyejua ni nyanya yupi hawezi kufunguka mbele ya wanaume. Ndiye aliyekesha akisikiliza rekodi na kuziandika neno kwa neno. Jina lake liko kwenye ukurasa wa shukrani, likiwepo. Mwenye kitabu alipata uprofesa. Yeye alilipwa kwa siku.

Wapo Wakenya waliovuka mstari huo. Tabitha Kanogo aliandika kuhusu wanawake wa Kenya wakati wa ukoloni, kati ya 1900 na 1950. Kenda Mutongi aliandika kuhusu wajane wa Maragoli, jinsi walivyotaja hadharani mambo yaliyowasumbua moyoni hadi wanaume wakaona aibu na kulazimika kuwasaidia. Wengine wangeita hayo malalamiko ya wajane. Mutongi aliona siasa ndani yake, na pengine ilihitaji mtu aliyekulia karibu na maisha hayo ili kuiona. Lakini wote wawili wamefundisha Marekani. Hata tunapopata wetu, soko la kazi linawachukua.

Historia ilipofika kortini

Kama bado unafikiri haya ni mambo ya kupamba kabati la vitabu, tazama kesi ya Mau Mau. Wazee walioishtaki serikali ya Uingereza jijini London walikuwa na mwanamke kati yao, Jane Muthoni Mara, aliyeeleza mateso ya kingono aliyofanyiwa na walinzi kizuizini akiwa bado msichana. Uingereza ilipambana kuizuia kesi hiyo isisikizwe.

Wanahistoria watatu waliitwa kuwa mashahidi wa kitaalamu: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Mwaka 2011 ikabainika kwamba kulikuwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza. Oktoba 2012 mahakama ikaruhusu kesi iendelee. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa waathiriwa 5,228, na gharama yote pamoja na ya mawakili ikawa pauni milioni 19.9.

Historia ilikuwa ushahidi, na ushahidi ukawa pesa mikononi mwa wazee. Lakini rudi kwenye yale majina matatu ya mashahidi. Hakuna Mkenya. Mateso yalikuwa yetu na kumbukumbu zilikuwa zetu, ila utaalamu ukatoka ng'ambo.

Humu nchini, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kabla ya kutoa ripoti yake mwaka 2013. Wakati wa kazi hiyo ilionekana kwamba wanawake wengi wakisimama mbele ya umati husimulia yaliyowapata waume na wana wao, na kuyaruka yaliyowapata wenyewe. Ikabidi tume iwaandalie wanawake vikao vyao. Kujua hilo, kujua ni lini mama ananyamaza na ni swali gani litamfungua bila kumuumiza, ni ujuzi wa kazi kama ule wa fundi wa umeme. Unafunzwa, unafanyiwa mazoezi, na unafaa kulipwa.

Itakulisha?

Najua swali ambalo mzazi wako atauliza, kwa sababu kila aliyejaza fomu ya chuo kikuu akaweka historia ameulizwa. "Hiyo itakulisha?" Nijibu bila kupaka rangi. Ukitegemea uhadhiri pekee, mambo ni magumu. Nafasi za kudumu ni chache, na mhadhiri wa muda anaweza kumaliza muhula mzima akidai malipo yake. Asikudanganye mtu kwamba shahada ya uzamifu ni hati ya kiwanja.

Ila uhadhiri ni mlango mmoja tu. Chao Tayiana Maina alisomea hesabu na kompyuta. Akaanzisha African Digital Heritage, shirika linalotumia teknolojia kuhifadhi historia, na ni mmoja wa walioanzisha Museum of British Colonialism, ambayo imetengeneza picha za kidijitali za kambi za vizuizi zilizobomolewa. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Dan David, ambayo humpa kila mshindi dola 300,000. Kwa hivyo wewe unayesomea programu za kompyuta na unadhani historia ni ya watu wa kukariri tarehe, umeona mlango.

Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka 2017 na wakaanza kufufua maktaba ya McMillan katikati mwa jiji na zile za Kaloleni na Makadara. Maktaba zikifufuliwa, kuna picha za zamani za kupangwa, magazeti ya kuhifadhiwa kidijitali, wasomaji wa kuhudumiwa. Hizo ni kazi. Kundi la LAM Sisterhood nalo limechukua maisha ya wanawake wa Afrika waliokataa kunyamaza na kuyafanya michezo ya jukwaani na hadithi za sauti za watoto, KaBrazen. Hapo kuna mwandishi, mwigizaji, fundi wa sauti, na kuna mtu aliyetafiti kabla ya wote hao kuanza.

Kuna shule pia. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wanaofuata mkondo wa sayansi za jamii wanaweza kuchagua somo la Historia na Uraia. Walimu wao watahitaji vitabu, video na ramani. Ukiwa mchapishaji na unataka ukurasa mmoja wenye uhakika kuhusu Wangu wa Makeri, utampigia nani simu? Jina lako linaweza kuwa katika simu hiyo.

Chama, lakini cha kusoma

Hapa ndipo ninapotaka tusikizane zaidi. Kazi hizi haziandikwi kwenye ubao nje ya lango la kampuni. Nyingi hupita kwa watu wanaojuana. Mtu anasikia kuna mradi unataka anayejua Kimeru na anayeweza kusoma mafaili ya zamani, anakumbuka msichana waliyekutana kwenye semina, anampigia. Usipokuwa na watu, hata uwe na akili ya kupasua mwamba, simu haitalia.

Wanawake wanahistoria wa Marekani walijifunza hilo mapema. Walipoona wanaume wenzao wanakutana mapumzikoni, wanajuana na kupeana nafasi, huku wao wakiachwa nje, walianza mwaka 1930 kukutana wikendi peke yao. Mikutano hiyo ikawa Berkshire Conference of Women Historians, na tangu 1973 imekuwa ikiandaa kongamano kubwa la historia ya wanawake. Mwaka 1987 likaundwa shirikisho la kimataifa la watafiti wa somo hilo. Kwa lugha yetu ya hapa, walianzisha chama.

Na nani anajua chama kuliko Wakenya? Mama zetu walinunua masufuria, mabati na ploti kupitia chama. Tunaweza kutumia mtindo huohuo kwa jambo hili. Watu watano wanatosha. Kila mwezi mnasoma kitabu kimoja, mnachangishana kukipata kama ni ghali. Kila mmoja anachagua mwanamke mmoja mzee wa kumsikiliza mwaka huo. Mnapeana zamu za kuandika rekodi neno kwa neno, maana saa moja ya sauti inaweza kumeza siku nzima. Anayesikia kuhusu uanagenzi au ufadhili hauchezei, anaurusha kwa kundi.

Msijifungie. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha masomo ya wanawake wa Afrika, ambacho kwa muda mrefu kimehusishwa na Profesa Wanjiku Kabira, aliyeandika kuhusu wanawake katika safari ya kupata katiba mpya. British Institute in Eastern Africa, iliyo hapa Nairobi, imekuwa ikiwachukua wahitimu kwa mafunzo ya utafiti. Semina nyingi ni za bure na aghalabu viti vya nyuma huwa wazi. Keti, uliza swali moja la maana, kisha ubaki ukiongea na watu wakinywa chai. Watu wengi hupata kazi yao ya kwanza hapo kwenye chai.

Halafu kuna Makavazi ya Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue tunalolitumia kama alama ya miadi. "Tukutane Archives." Maelfu husimama nje kila siku wakimngoja mtu, wachache sana huingia kusoma. Ndani utajifunza haraka kwa nini kazi hii inahitaji ustadi. Katika karatasi za mkoloni mwanamke hujificha. Mume alitozwa kodi kwa kila nyumba, hivyo mke wa pili na wa tatu wanaingia kwenye hesabu kama nyumba zaidi. Mwingine yumo kwenye kesi ya mahari, kama mali inayogombaniwa. Mwingine anaitwa tu "mke wa fulani". Kumtoa mtu humo akiwa na jina na akili zake ndiyo kazi yenyewe.

Kuna na adabu za kazi. Ukimrekodi nyanya, mwambie wazi rekodi itaenda wapi, na umpe nafasi ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa, lakini hata isingekuwepo, heshima inataka hivyo. Mpe nakala. Hifadhi rekodi mahali pawili, ukiandika tarehe, mahali na lugha. Ukitaka kufanya utafiti rasmi, pata leseni ya NACOSTI kwanza. Na akisema jambo kisha akasema "hili lisitoke hapa", lisitoke.

Tudai nini

Kwa watafiti wanaokuja, kutoka ng'ambo au kutoka vyuo vyetu wenyewe, dai ni rahisi. Anayetafsiri, anayeandika rekodi na anayefungua milango ya kijijini alipwe kama mtaalamu. Kama mchango wake umeshika kitabu, jina lake liwe kwenye jalada au kwenye sura. Nakala irudi kwa waliohojiwa, kwa lugha wanayoisoma. Lile toleo la Kiswahili la 1991 linaonyesha inawezekana.

Kwa kaunti, tusome Katiba ya 2010. Imeweka maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti 47. Kila moja ikiwaajiri vijana wawili tu kukusanya historia za wanawake wake, hao ni watu 94 wenye mshahara. Gavana anayepata pesa za tamasha la siku mbili anaweza kupata pesa za hilo.

Na sisi? Sisi tuna deni la haraka zaidi, kwa sababu wenye kumbukumbu hawatungoji. Field Marshal Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni na Mau Mau, alifariki Septemba 2023. Huyo alikuwa maarufu, kuna kamera zilizomfikia. Wanawake waliomletea chakula msituni nani anawajua? Akina mama waliokaa Uhuru Park mwaka 1992 wakidai wana wao waachiliwe kutoka jela, tunamtaja Wangari Maathai, halafu tunasema "na wengine". Hao wengine walikuwa na majina. Baadhi yao huenda wanaishi kwenye ploti unayopitia ukienda stage.

Turudi nyuma hata zaidi, Machi 16, 1922. Mary Muthoni Nyanjiru aliwapa wanaume changamoto ya ujasiri mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa Harry Thuku, karibu na mahali kilipo leo Chuo Kikuu cha Nairobi. Akapigwa risasi akafa. Wanafunzi hupita hapo kila siku. Alivyokufa tunajua vizuri kuliko alivyoishi, kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyeona maisha yake kuwa kitu cha kuuliza.

Sasa fikiria Juni 2024. Wasichana waliotoka barabarani, waliobeba maji na bendera, waliotafsiri Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani, waliochangisha pesa za hospitali, hadithi zao ziko wapi? Ziko kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, kwenye akaunti zilizofungwa, kwenye makundi ya WhatsApp ambayo ujumbe hujifuta. Bila mtu wa kuzikusanya, miaka 50 ijayo mtafiti atashuka uwanja wa ndege, atatafuta kijana wa kumtafsiria Sheng ya 2024, na ataandika kitabu kizuri sana kutuhusu. Kijana huyo atapata shukrani ukurasa wa mwisho.

Kwa hivyo wikendi hii mpigie rafiki mmoja mnayefikiri sawa. Chagueni siku, chagueni kitabu, chagueni bibi mmoja mtaani ambaye hajawahi kuulizwa chochote isipokuwa "umeshindaje". Chaji simu, beba sukari na majani, na muulize jina lake kamili kabla ya kubonyeza rekodi.